Barua ya wazi kwa maaskofu na wakuu wa vyuo vya theolojia: somo la misheni lianzie Masasi

Wahashamu na Baba Maaskofu wa majimbo na dayosisi za mikoa ya Mtwara na Lindi, na waheshimiwa wakuu wa seminari na vyuo vya theolojia mnaotuandalia mapadre, wachungaji na makatekista,

Shikamooni. Salamu ya kanisani nawaachia kila mmoja aichukue ile aliyoizoea, kwa sababu huku kwetu "Tumsifu Yesu Kristo" na "Bwana asifiwe" hukutana kwenye msiba mmoja, na mara nyingi anayewahi kuitikia ni mzee wa Kiislamu aliyekaa kwenye mkeka wa pembeni.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Newala na mkazi wa Masasi. Nimebatizwa, nimechezwa unyago, nimeolewa kanisani, nimemzika mume wangu, na baada ya kustaafu nilisoma stashahada ya theolojia kwa miaka mitatu, nikiwa na umri uliowazidi karibu walimu wangu wote. Nawaandikia kuhusu jambo moja, nalo ni jinsi misheni inavyofundishwa kwa vijana mnaowatuma kwetu. Naomba somo hilo lifundishwe kwa theolojia na anthropolojia ya utamaduni, yaani elimu ya kuchunguza jinsi watu wanavyoishi na wanavyoyaelewa maisha yao, zikiwa pamoja, lianzie katika historia ya ardhi hii, na lisiwachunguze wanaopelekewa Injili peke yao bali liwachunguze pia wanaoipeleka.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Katika mwaka wangu wa pili tulipewa kazi juu ya Kanisa na utamaduni. Niliandika kurasa kumi na mbili kuhusu unyago kama nilivyoupitia mwenyewe na kama nilivyouona ukichezwa kwa wajukuu wa dada yangu. Nilieleza yanayoelezeka bila kuvunja miiko: nani hukaa wapi, nani hutoa nini, kungwi hupatikanaje, mjomba huingia wakati gani, na kwa nini mama mzazi hukaa mbali na mwanawe siku zile. Kazi ilirudi na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Hii si theolojia. Uko wapi msimamo wa Biblia?" Chuo sikitaji, wala mwalimu simtaji, alikuwa mtu mwema, na alinifundisha Kiyunani kidogo kwa uvumilivu mkubwa. Alama hazikuniuma sana. Kilichonikaa moyoni ni kwamba yule aliyeandika mstari ule alikuwa ameshajua Biblia inasema nini juu ya jambo ambalo hakuona haja ya kuuliza ni jambo gani.

Vitini vyetu vilisema kwamba elimu ya misheni ilipata mahali pake vyuoni kwa kazi ya Gustav Warneck, Mjerumani wa Halle, mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikapata nguvu kwenye mkutano mkuu wa Edinburgh mwaka 1910, uliokusanya wajumbe wapatao 1,200, karibu wote kutoka Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Hayo ni kweli na ni vizuri kuyajua. Lakini hakikuwapo hata kitini kimoja kilichotaja kwamba miaka 34 kabla ya Edinburgh, yaani mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu ya Kianglikana, ile UMCA iliyozaliwa kutokana na hotuba ya Livingstone kule Cambridge mwaka 1857, aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, wakapitia Lindi, wakapanda bara hadi Masasi na kuanzisha kijiji. Mwaka 2026 ni wa 150 tangu safari ile. Najua watakaoandaa sherehe hawatakosekana. Wasiwasi wangu ni kama watakuwapo watakaouliza safari ile ilikuwa na maana gani kwa waliokuwa ndani yake.

Nawaombeni mnivumilie nikae hapa kidogo, maana ndipo ninapoona faida ya elimu hizi mbili kukaa meza moja. Wakristo wa kwanza wa Masasi hawakuwa wenyeji wa Masasi. Walikuwa Wayao, Wanyasa na wengineo waliokamatwa, wakauzwa, wakachukuliwa kutoka majahazini na wakalelewa na misheni Zanzibar, wakawa wanazungumza Kiswahili. Waliletwa kukaa katikati ya Wamakua na Wayao, watu ambao kwao mtu ni mtu kwa sababu ya ukoo wa mama yake. Katika jamii ya namna hiyo mtumwa si yule tu anayefanyishwa kazi bila ujira. Mtumwa ni mtu aliyekatwa na ukoo, asiye na mjomba wa kumsemea wala kaburi la bibi la kwendea. Sasa mtu kama huyo anapoambiwa kwenye kisima cha ubatizo kwamba amezaliwa upya, kwamba ana Baba, na kwamba walio pembeni yake ni ndugu zake, anasikia nini? Na mwenyeji anayemtazama kutoka ng'ambo ya shamba, ambaye ukoo anao na haukosi kumlinda, anapoambiwa maneno yale yale anasikia nini? Theolojia ya ubatizo bila kujua ukoo ni nini itajibu kwamba wote wawili walisikia jambo moja. Anthropolojia bila theolojia itasema walikuwa wanatafuta ulinzi tu. Mimi siamini jibu lolote kati ya hayo mawili likiwa peke yake. Na mnakumbuka kwamba mwaka 1882 Wangoni walivamia Masasi, wakaua na kuchukua mateka, misheni ikahamia Newala kwa Matola, mtawala wa Kiyao. Waliokuwa wamepata ukoo kwa Kristo wakachukuliwa tena. Sijawahi kusikia hata mahubiri moja juu ya hilo.

Kuna mwaka mwingine ambao ningeuandika ubaoni kila muhula unapoanza, nao ni 1906. Mwaka huo Padre Wilhelm Schmidt alianzisha kule Austria jarida la Anthropos, ambalo kwa sehemu kubwa lilijazwa na wamisionari walioandika juu ya lugha na desturi za watu waliokaa nao. Mwaka huo huo Wabenediktini, watawa Wakatoliki kutoka Ujerumani, ambao vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao vilikuwa vimeharibiwa katika Vita vya Majimaji, na ambao Askofu wao Cassian Spiss alikuwa ameuawa pamoja na wenzake karibu na Liwale mwaka 1905, walianza upya Ndanda. Na mwaka huo huo Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alitoka Lindi kwa miguu na wapagazi wake, akapita Masasi hadi uwanda wa Makonde, akiwa na mashine ya kunasa sauti na kamera ya picha za sinema, akarekodi nyimbo na kupiga picha za ngoma zetu. Kwa hiyo theolojia na anthropolojia zilipita njia moja mwaka mmoja, majivu ya vita yakiwa bado ya moto, na tangu wakati huo hazijakaribishana darasani kwetu. Yaliyonaswa yalikwenda Leipzig. Yaliyojengwa yalibaki Ndanda. Na sisi tulioimba na tuliojengewa hatukuulizwa na upande wowote tunaonaje.

Majimaji yenyewe katika kitini chetu yalikuwa na aya mbili, zote za mashahidi. Siwaondolei mashahidi heshima yao. Lakini mwanafunzi anayekwenda kufanya kazi Liwale au Nachingwea anapaswa kujua pia kwamba maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yalikuwa jambo la dini, yenye ahadi zake, miiko yake na wajumbe wake waliokwenda kijiji kwa kijiji, na kwamba waliochoma makanisa walikuwa na sababu za kuyaona makanisa na boma kuwa nyumba moja. Mwanafunzi asiyeweza kueleza sababu hizo kwa haki hajaelewa kwa nini damu ile ilimwagika.

Sasa nije kwenye jando, ambalo ndilo lililoipa Masasi sifa duniani kote kunakosomwa misheni, isipokuwa, kwa ajabu, hapa hapa. Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza Dayosisi ya Masasi tangu ilipoundwa mwaka 1926 hadi 1944, hakulikataza jando wala hakuliacha kama lilivyo. Akiwa na mapadre Waafrika, ambao baadhi yao, kama Kolumba Msigala, waliacha kumbukumbu zao kwa maandishi, alitengeneza jando la Kikristo. Tohara ilibaki, kukaa kumbini, yaani kule wavulana wanakotengwa wakifundwa, kulibaki, mafundisho ya utu uzima yalibaki, na furaha ya kuwapokea vijana wanaporudi nyumbani ilibaki. Yale ya matambiko na nyimbo za matusi yaliondolewa, na sala, baraka na msalaba vikachukua nafasi. Aliandika juu yake na wengi wakamsoma. Miaka mingi baadaye, mwaka 1972, mwanahistoria Terence Ranger alichapisha uchunguzi wake juu ya jando hilo la Masasi, akaonyesha kwamba kwa wavulana mpango ule ulishika, na kwa wasichana haukushika vivyo hivyo.

Kwa nini haukushika? Mimi nina jibu langu, na naomba lipimwe. Lucas na mapadre wake walikuwa wanaume. Waliweza kuingia kumbini, wakaona kwa macho, wakajua kipi ni mti na kipi ni ganda. Unyagoni mwanaume haingii. Walitegemea waliyosimuliwa, na waliosimulia walisema waliyotaka yasikike. Walipowatuma mabibi wa misheni, walituma wanawake wasioolewa wala kuzaa, ambao kwa hesabu ya makungwi walikuwa bado watoto, kwa maana mwanamke ambaye hajachezwa ni mtoto hata akiwa na mvi. Mtoto hafundishi kungwi. Basi ukatengenezwa unyago wa kanisani ambao ulikuwa na mafundisho mazuri lakini haukuwa na wenyewe, na ule wenye wenyewe ukaendelea usiku, na waumini tukajifunza kuishi na mambo mawili bila kuyazungumza. Bibi yangu alipokea Komunyo kila Jumapili na alikuwa kungwi. Nilipomuuliza kama padre anajua, alinijibu kwamba padre hajauliza.

Jibu hilo la bibi ndilo kiini cha barua hii. Padre hajauliza. Na mnisamehe nikisema hakuuliza kwa sababu hakufundishwa kuuliza. Alifundishwa kujibu.

Wapo watakaosema kwamba kuuliza ni mlango wa kuchanganya dini. Nawaomba wafungue Matendo ya Mitume sura ya 15, ambako mkutano wa kwanza wa Kanisa juu ya misheni uliitwa kwa sababu ya tohara. Tazameni ulivyokwenda. Kwanza Petro alisimama akasimulia aliyoyaona kwa watu wa mataifa. Kisha umati ukanyamaza, wakawasikiliza Barnaba na Paulo wakieleza yaliyotokea huko walikokwenda. Baada ya masimulizi hayo ndipo Yakobo akafungua maandiko ya manabii, na baada ya maandiko wakaafikiana, wakaandika barua. Masimulizi yalitangulia, Maandiko yakapima, jumuiya ikaamua. Katika karne iliyopita Paul Hiebert, mtaalamu wa anthropolojia na mmisionari aliyefanya kazi India, alipendekeza utaratibu unaofanana na huo: desturi ikusanywe na kueleweka kwanza bila kuhukumiwa, Maandiko yasomwe juu ya jambo hilo, kisha waumini wenyewe, si mgeni wao, waamue kipi kibaki, kipi kiachwe na kipi kipewe maana mpya. Ni Hiebert huyo huyo aliyesema mwaka 1982 kwamba wamisionari wa Magharibi walikuwa na ghorofa mbili kichwani, ya juu ya Mungu na ya chini ya mambo ya sayansi, na hawakuwa na ghorofa ya kati, wanakokaa mahoka, yaani mizimu ya wafu, uchawi, ndoto na bahati mbaya. Waumini wetu wanaishi ghorofa ya kati. Padre akishindwa kuwafuata huko, wanakwenda kwa mganga, au siku hizi kwa mhubiri wa maombezi mwenye spika kubwa.

Nawakumbusha pia kwamba anayetumia Waraka kwa Wagalatia kulipiga jando anakosea njia. Tohara ya Wagalatia ilikuwa alama ya kuingia chini ya Sheria ya Musa. Tohara ya jandoni ni kumtoa mtoto mikononi mwa mama na kumkabidhi kwa wanaume wa ukoo, na leo mara nyingi hufanywa hospitali wakati wa likizo, vijana wakabaki na mafundisho na ngoma. Ni neno moja lenye mambo mawili. Kulijua hilo hakuhitaji kipaji. Kunahitaji mtu akae, aangalie, aulize.

Mfano wa pili nitautoa kwenye ndoa, kwa kuwa niliuona kwa karibu. Binti wa jirani yangu alikwenda kuandikisha ndoa. Padre alikuwa kijana mwema, mgeni wa huku, aliyetoka kwa watu ambao kwao mtoto ni wa ukoo wa baba. Akaita wazazi. Baba akaingia ofisini, akakaa, akatia sahihi. Mjomba, ambaye ndiye aliyeipokea barua ya posa, aliyezungumza na mshenga na aliyelipa ada ya sekondari ya binti kwa fedha za korosho, alibaki nje chini ya mwembe, kofia mkononi, akingoja kuitwa. Hakuitwa. Fomu haikuwa na mstari wake. Mwaka wa pili wanandoa wale walipokosana, padre alimwita baba aje asuluhishe, na baba akamwambia kwa adabu kwamba mambo hayo yana wenyewe. Mwenyewe alikuwa amekaa kimya nyumbani kwake, umbali wa dakika kumi kwa baiskeli, na moyo wake bado uko chini ya ule mwembe.

Sisemi kwamba ukoo wa mama una nguvu zile zile za zamani. Mikorosho, ambayo ni mali ya kudumu na baba hutaka kumwachia mwanawe, pamoja na mahakama na dini zetu zote mbili, vimemsogeza baba karibu na kumsogeza mjomba pembeni. Ndiyo sababu nasema anthropolojia wala sisemi "mila na desturi", kile kipindi cha shuleni ambacho hukariri makabila kama vile yalikufa zamani na kuwekwa kwenye chupa. Mwanafunzi ajifunze kuona jambo likiwa linageuka, na nani anafaidika na nani anaumia linapogeuka. Na theolojia ipate kazi mpya hapo. Tunasali "Baba yetu" mbele ya watu ambao kwao baba alikuwa yule mpole wa kucheza naye, na mwenye amri alikuwa mjomba. Je, tunajua wanamwona Mungu wa namna gani? Padre Charles Nyamiti, Mtanzania mwenzetu, mwaka 1984 aliandika kwa kina juu ya Kristo kuwa mhenga wetu. Swali la Newala lingekuwa: mhenga wa upande upi? Swali hilo si mzaha, na linastahili karatasi ya mtihani.

Niseme na la Uislamu, kwa ufupi, ingawa si dogo. Kitini kimoja nilichosoma kiliita mikoa yetu nchi ya "wasiofikiwa". Nilikisoma nikiwa nimekaa barazani na shemeji yangu Mwislamu, ambaye alinichangia nauli ya kwenda chuoni. Kusini hii tariqa za Kadiria na Shadhilia, yaani jumuiya za Kisufi za Waislamu, zilienea katika miaka ile ile misheni zilipokuwa zikijenga, wavulana wa dini zote mbili wametoka jando moja, na ukoo mmoja una makaburi yenye msalaba na yasiyo nao. Anayesoma misheni hapa bila kusoma Uislamu wa hapa, si ule wa kwenye vitabu vya mabishano, hajui hata nani atakayechimba kaburi la muumini wake.

Nilisema mwanzoni kwamba wanaoipeleka Injili nao wachunguzwe. Hapa naandika kwa woga kidogo, maana nanyi ni baba zetu. Mfaransa Arnold van Gennep aliandika mwaka 1909 kwamba sherehe za kumvusha mtu kutoka hali moja kwenda nyingine zina hatua tatu: kutengwa, kukaa kizingitini, na kurudishwa. Kila mwalimu wa anthropolojia huonyesha hilo kwa jando. Lakini nendeni seminarini mkatazame: kijana ametolewa kwao, amewekwa mbali na wanawake, ana sare, ana ratiba ya kengele, anafundishwa lugha asiyoijua mama yake, anaonywa na wakubwa, na siku ya mwisho anatoka amevaa nguo nyeupe, watu wanapiga vigelegele na jina lake linabadilika kuwa Padre. Hilo ni kumbi. Si kosa kuwa kumbi, na huenda ndiyo maana lina nguvu. Kosa ni mtu aliyetoka kumbi moja kuliona kumbi la mwenzake kuwa ushenzi na lake kuwa ni malezi. Vivyo hivyo gari la parokia, michango ya mavuno, kiti cha mbele cha mwenyekiti wa halmashauri ya walei, Kiswahili chetu cha madhabahuni ambacho hakuna anayekizungumza sokoni: vyote hivyo ni utamaduni, na vinahubiri kabla padre hajafungua kinywa.

Basi haya ndiyo ninayoyaomba, na nimejitahidi yasiwe ya kuwatoa fedha nyingi. Kozi ya misheni ianze na Masasi ya 1876 na Lukuledi ya Wabenediktini ya 1895, iende Halle na Edinburgh baadaye. Wafundishwe habari za Cecil Majaliwa, mtu aliyekombolewa utumwani, aliyepewa upadre mwaka 1890 akiwa Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, akafanya kazi Chitangali; na Padre Yohana Abdallah, Myao, aliyeandika historia ya watu wake kwa Kiyao, ikachapishwa mwaka 1919. Huyo alikuwa theolojia na anthropolojia katika kanzu moja, na katika miaka yangu mitatu sikusikia jina lake darasani. Nilikutana nalo kwa bahati.

Kabla ya kupewa daraja, kila mwanafunzi akae msimu mmoja mzima kijijini, tangu mavuno hadi ngoma ziishe, akiwa hana cheo, akilima na kwenda misibani, na kazi yake isimamiwe na wawili: mwalimu wa chuo na mzee au kungwi wa mahali pale. Huyo wa pili alipwe kama mwalimu anavyolipwa, maana tumezoea kumpa profesa bahasha na kumpa kungwi sabuni. Wanafunzi wa kike, masista na wanawake walei wapewe nafasi ya kwanza katika mambo ya unyago, la sivyo tutarudia ya miaka ya Lucas. Na daftari la mwanafunzi lisomwe mbele ya wenyeji kabla halijaondoka, nakala ibaki hapo. Najua hofu ya wenzangu kwamba anthropolojia ilikuja na dola ya kikoloni na kuondoka na siri zetu. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni hili la daftari.

Kumbukumbu za zamani nazo ziokolewe. Katika ofisi ya kanisa moja niliwahi kuonyeshwa sanduku la bati lenye vitabu vya zamani. Kimoja kilikuwa na majina ya wavulana wa jando la Kikristo, kwa mwandiko mzuri wa wino wa buluu, na mbele ya kila jina limeandikwa jina la mjomba. Mchwa walikuwa wamekula kona ya chini ya kila ukurasa, kwa hiyo majina ya mwisho hayasomeki. Yule mwandishi wa zamani aliujua mstari ambao fomu yetu ya leo haina.

Kwa upande wa idhini sidhani kama kuna kizuizi. Wakatoliki mna tamko la Mtaguso wa pili wa Vatikano juu ya kazi za kimisionari, la mwaka 1965, na waraka wa Papa Yohane Paulo wa Pili wa mwaka 1995 kwa Kanisa la Afrika, uliosisitiza utamadunisho, yaani Injili kuota mizizi katika utamaduni wa watu. Waanglikana mna Lucas. Kinachongojwa ni ratiba ya masomo.

Nimekwisha kuzungumza na kungwi mmoja wa huku, mama anayenizidi umri, Mkristo wa kila Jumapili. Amekubali kukaa na wanafunzi wenu. Masharti yake ni kwamba wanaume atazungumza nao uani, mchana, na ya ndani wasiulize. Kwamba daftari atasomewa. Na kwamba kila atakayekuja aeleze kwanza yeye alichezwa wapi. Nilimwambia kuwa wengi wao walitahiriwa hospitali, na kuwa mapadre hawachezwi, wanasoma seminari miaka saba na zaidi. Alifikiri kidogo, akaniuliza huko seminari nani huwa anawafundisha kuongea na wakwe. Nimeshindwa kumjibu. Nangoja jibu lenu nimpelekee.

Wenu katika Kristo,

Mwalimu mstaafu,
Masasi, Mtwara